Tende za Nungunungu

Bahla, Jumatatu

Dada yangu Shukriya,

Shikamoo. Sisi wazima, joto tu linatuchoma. Bamia zimeshika vizuri, lakini viazi vitamu nungunungu kavimaliza. Kila asubuhi tunakuta mashimo na miba yake imetapakaa.

Mume wangu unamjua akikasirika. Marhoun alitia sumu kwenye tende, akazimwaga chini ya mtende wa nje, anakopita mnyama huyo. Nikamwambia, "Bwana wee, huku tende iliyoanguka ni ya mpita njia." Akanijibu kwamba siku hizi hakuna anayeokota tende zenye vumbi.

Jirani yetu Bi Shahad alikuwa akiziokota kila siku. Alifariki Ijumaa. Daktari kasema moyo. Marhoun akaniambia nifunge mdomo, nami, Mungu anisamehe, nikaufunga.

Jana nilikwenda msibani. Kahawa ikapita, kisha binti yake, Wasan, akaleta sahani. Akasema, "Kuleni, hizi ndizo za mwisho alizookota Mama kwa kina Mabruka hapa."

Mwanamke aliyekaa kando yangu akanyoosha mkono. Nikaipiga sahani ile, tende zikatawanyika juu ya zulia.

Wasan aliinama akaziokota moja moja, akazifunga kwenye mtandio wake, akatoka nazo.

Nungunungu bado anakuja. Marhoun amekaa sebuleni na kanzu yake safi, anasikiliza kama mlango utagongwa. Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Mabruka