Kifuniko cha Rejeta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule ubavu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umetulia. Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya uzima wa watu wa umri wetu. Mgongo wangu unalalamika kila ninapoinama, na Mama anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha akiwakosoa wapita njia. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingepokea. Naomba tu usome hadi mwisho kabla hujaichana, kwa kuwa humu hamna utetezi, nawe unajua ilivyo kazi kwangu kuandika ukurasa mzima usio na utetezi.

Nianze na gari, maana ndilo lililotufikisha hapa, tangu siku ile mumeo alipokusanya spana zake akatoka gerejini nanyi mkahama mji. Unakumbuka tulivyolinunua. Mimi nilikuwa nimesoma majarida kwa wiki mbili, nikaenda kwa yule nesi mstaafu aliyekuwa akiliuza, na maswali thelathini kwenye karatasi. Shemeji hakuja na karatasi. Aliweka kiganja nyuma ya ekzosi, akanusa mkono wake, akainamisha sikio juu ya boneti kama daktari, kisha akamuuliza yule mama swali moja tu: nani amekuwa akilitengeneza? Nesi akasema ni fundi mmoja miaka yote kumi na minne, na sasa ni marehemu. Shemeji akaniambia nilichukue. Nilibisha, kama kawaida yangu, kwamba gari lenye umri wa kumaliza shule haliwezi kununuliwa kwa kunusa. Akacheka, akasema gari dogo lililozeeka mikononi mwa mtu mmoja ni kama mke wa mtu mpole, halina siri nyingi.

Mama akalipa jina la Kobe, kwa umbo lake na kwa mwendo wake. Alisema linakohoa kama mtu mwenye neno anayengoja apewe nafasi. Lakini lilikuwa likifika. Kwa mwaka mmoja na nusu lilimpeleka Mama kliniki ya macho na kumrudisha, na kila mwezi shemeji alikuja Jumapili akalala chini yake nusu siku. Leo plagi, kesho mkanda wa feni, keshokutwa pedi za breki. Mimi nilisimama pembeni nikimhutubia. Nilimwambia kwamba watu wetu ni mabingwa wa kununua na mayatima wa kutunza, kwamba tunakata utepe wa kila kitu kipya na hatuna hata wimbo mmoja wa kumsifu mtu aliyebadilisha oili kwa wakati. Yeye kutoka chini alijibu kwamba ni kweli, shemeji, na nimpe spana namba kumi. Nilikuwa nikimpa kumi na mbili.

Sasa ile asubuhi. Nitaisema kwanza kama mlivyoisikia, kama nilivyoisema mimi kwa kila aliyekuwa na masikio. Siku tatu kabla, shemeji alikuwa amebadilisha paipu zote za maji na kusafisha rejeta inayopoza injini. Siku ya kliniki tukatoka, Mama kiti cha nyuma kama waziri. Katikati ya safari, pale mteremko wa viwandani, moshi mweupe ukafumuka chini ya boneti na injini ikazima. Nilipofungua nikakuta mdomo wa rejeta uko wazi. Kifuniko hakipo. Maji yote yamerushwa nje, injini imeungua, silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepinda. Nilimpigia mumeo simu, akaja mbio kwa baiskeli ya kuazima, sanduku la vifaa begani. Hata hajatua sanduku nikaanza. Nilimwambia mbele ya wauza maji na makondakta kwamba amesahau kifuniko, kwamba mtu aliyekabidhiwa maisha ya mzee hasahau. Akatazama ule mdomo wa rejeta kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akamtazama Mama kupitia kioo. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwa sauti ndogo kwamba inawezekana ni yeye, shemeji.

Neno lile likawa ushahidi wangu. Mama alikosa zamu yake kliniki, na zamu iliyofuata ikaja baada ya miezi minne. Ndipo daktari akasema jicho la kushoto halitarudi, na tushike sana la kulia. Lakini sikungoja daktari. Jioni ya siku ile ile gari lilipoharibika niliketi nikaandika. Unajua kazi yangu kiwandani kwa wachapaji ni kutafuta makosa ya watu wengine, asubuhi hadi jioni, miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimenoa kalamu muda wote huo, nikaitumia kwa mumeo. Kurasa tatu kwa kamati ya mafundi wa gereji. Niliandika juu ya uzembe, juu ya imani, juu ya mama aliye karibu kupofuka. Hapakuwa na tusi hata moja, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Tusi mtu hulitupilia mbali.

Mwenyekiti wao, yule mchomeleaji mwenye ndevu nyeupe, aliisoma kwa sauti Jumamosi mbele ya mafundi wote. Naambiwa wawili walitokwa na machozi. Shemeji hakujitetea. Walimsimamisha kwa muda, wachunguze. Yeye hakungoja muda. Ndani ya wiki mbili mlikuwa mmeondoka, na wewe ukaja kwa Mama peke yake kuaga, mlango wangu ukaupita kama choo cha umma. Ninastahili.

Baada ya hapo nilitafuta mafundi wengine, na hapa naomba univumilie kwa habari za gari, kwa sababu gari lilinisuta kuliko binadamu. Fundi wa pili aliisawazisha silinda hedi, akaweka gasketi mpya. Alipofika kwenye paipu za mumeo akaniuliza ni nani aliyezifunga, maana zimefungwa kwa adabu, kila kibanio kimegeukia upande ambao mkono wa fundi atakayefuata utakipata bila taabu. Nilimwambia sikumbuki.

Gari likawaka, lakini likawa linachemka. Kifuniko kipya alichoniletea hakikukaa sawasawa, kilikuwa cha gari jingine. Kila baada ya safari mbili maji yalipungua, mshale wa joto ukapanda. Fundi wa tatu alileta kifuniko kingine, akakifunga na ukanda wa mpira. Fundi wa nne alinikalisha kwenye tairi kama mgonjwa, akaniambia kwamba injini ni nzima, rejeta ni nzima, gari langu lina ugonjwa mmoja tu: limekosa kifuniko chake chenyewe, kile cha kiwandani, chenye springi yake. Bila kile, maji hayakai na mgandamizo wake, na nitakuwa nabadilisha gasketi hadi nizeeke. Akaniambia nizunguke maduka ya spea zilizotumika. Nikamwambia nitazunguka.

Nilizunguka, Dada. Nilikwenda maduka saba nikiulizia kifuniko ambacho kilikuwa kwenye droo ya meza yangu kazini, chini ya karatasi za prufu ninazosahihisha.

Ndiyo. Sasa umejua. Acha niseme yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi ile niliamka mapema nikafungua kile kitabu cha gari. Kilisema maji yaangaliwe kila siku injini ikiwa ya baridi. Shemeji alikuwa ameshaniambia kwamba kwa paipu mpya nisiguse kitu mpaka Jumapili, atakuja mwenyewe. Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nikafungua kifuniko, nikaongeza maji kikombe kimoja. Wakati huo huo jirani yetu, yule karani mstaafu wa posta, akaja ukutani na gazeti lake, akasema kwamba watu kama mimi wanaong'ang'ania magari chakavu ndio wanaorudisha nchi nyuma. Unanijua. Nilikuwa nimeshika kifuniko mkono wa kulia, na mimi siwezi kubishana kwa mkono mmoja. Nikakitia kifuniko kwenye mfuko wa koti. Tulibishana karibu nusu saa. Nilimshinda, kama hilo bado lina maana yoyote. Mama alipiga honi mara tatu kutoka kiti cha nyuma, akauliza dirishani kama macho yake yangoje mpaka tumalize kutawala. Nikabamiza boneti, nikaingia, tukaondoka.

Na njiani, hili sikumwambia mtu yeyote, Mama alisema ananusa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nilimwambia magari ya zamani yana harufu. Mshale ulikuwa umeshapanda. Niliuona. Lakini tulikuwa tumechelewa, na kichwani nilikuwa bado namjibu karani wa posta, nimepata hoja nzuri zaidi ambayo sikuitumia.

Koti lile, kama unavyojua, ni la hospitali na maofisi tu. Nililivua nikalitundika. Siku tisa baada ya barua yangu kusomwa gerejini nililipeleka kwa dobi. Dobi hupekua mifuko kabla hajaloweka, akaniletea mpaka mlangoni alivyovikuta: kalamu, kipande cha gazeti, na kifuniko. Akaniuliza kama ni cha chupa ya chai. Nilisema ndiyo. Shemeji alikuwa bado hajaondoka mjini. Mlikuwa mnafunga mizigo. Ningeweza kutembea dakika ishirini nikafika kwenu. Nilikaa kitandani nimekishika kile chuma mpaka kikapata joto la mkono wangu, nikajiambia nitakwenda kesho. Kesho nikajiambia barua imeshasomwa, imebandikwa ukutani kwao kama mfano wa uandishi bora, nitaibandua vipi? Hivyo ndivyo siku moja ilivyokuwa miezi tisa. Mimi niliyewahi kuandika magazetini kwamba viongozi hawajui kukiri kosa.

Jumatatu iliyopita Kobe alichemka tena, kwenye mteremko ule ule, na Mama ndani. Akasema, bila hasira, kwamba gari hili limemkumbuka fundi wake. Nilisimamisha pembeni nikamwambia kila kitu, pale pale, nimetazama mbele kwa sababu sikuweza kugeuka. Akaniuliza kama nimeshamwambia mume wa dada yangu. Nikasema bado. Akasema basi nimekosea njia, nimeanza nyumba ya pili. Kisha akasema neno ambalo nakuandikia kama lilivyo, kwa kuwa tangu siku hiyo silali: "Jicho ni langu, nimeshalisamehe. Jina la mtu si langu. Siwezi kulisamehe kwa niaba ya mwenyewe angali hai."

Akaniambia na jingine. Siku ile shemeji alipofika kwa baiskeli, macho yake yalishuka kwenye mfuko wa koti langu. Ulikuwa umevimba. Mama alimwona akiutazama, lakini hakujua anatazama nini. Shemeji alijua, Dada. Alijua kabla yangu. Na mbele ya mama mkwe wake hakutaka kumtoa shemeji yake kifuniko mfukoni kama mwizi wa sokoni. Alingoja nikitoe mwenyewe. Nadhani alinipa siku ile, halafu akanipa wiki mbili.

Jumamosi nilikwenda gerejini nikaomba kusimama mbele ya mafundi. Nilisoma barua ya pili, ukurasa mmoja. Nilieleza kifuniko kilikuwa wapi, na tangu lini nilijua. Hakuna aliyelia. Fundi wa nne, aliyenituma madukani, alitikisa kichwa akaendelea kukaza nati zake. Mwenyekiti alibandua barua ya kwanza ukutani, akabandika ya pili kwa misumari ile ile, akasema ya kwanza ilikuwa imeandikwa vizuri zaidi. Ni kweli. Kisha akanionyesha nafasi ya shemeji. Hawakumpa mtu. Wamepanga matairi hapo, akasema matairi ni kitu cha kuondolewa asubuhi moja. Ameniagiza niwaandikie hivyo, bila kuongeza maneno yangu.

Ndani ya kifurushi hiki, ndani ya kitambaa cha flana, mtakikuta kifuniko. Ningeweza kukiweka mwenyewe. Ni robo mzunguko tu. Nimeshindwa. Kobe yuko uani, mdomo wa rejeta uko wazi, nimeufunika kwa sahani vumbi lisiingie. Zamu ya Mama ni mwezi ujao tarehe sita, na tutakwenda kwa gari la kukodi, kwa hiyo shemeji asione kwamba nimemwekea mzigo wa jicho mara ya pili. Akitaka kukitupa, akitupe. Akitaka kukirudisha kwa mkono wake, uani pana nafasi, na mimi sitahutubu. Nimejifunza pia ipi ni kumi na ipi ni kumi na mbili.

Nisalimie watoto, mwambie mkubwa vitabu vyake bado viko rafuni kwangu. Jirani wa posta anawasalimu. Nilimweleza yote, akalikunja gazeti lake. Mama anakusalimu sana. Anasema mkija msije na zawadi, na mkiketi mketi mkono wake wa kulia, huko ndiko anakowaona.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Wakili tangu utotoni