Kiti cha Kushoto

Jumamosi, Agosti 2008. Noonkopir, Kitengela.

Baridi ya leo imekataa kutoka. Mawingu yamekaa chini tangu asubuhi, upepo unavuma kutoka upande wa Athi na vumbi la viwanda vyake vya simenti, na nguo nilizoanika bado ni mbichi. Modemu imenigomea mara mbili kabla ya kunifungulia ukurasa huu. Pengine nayo imeuona uso wangu.

Niseme tu. Nina wivu.

Si ule wivu mnaoufikiria. Mume wangu simshuku. Wafula hata akitaka kutongoza ataanzia wapi, na saa zote yuko chini ya ile Subaru ya buluu iliyoegeshwa uani? Wivu wangu ni wa kiti.

Wanaosoma blogu hii tangu mwanzo wanakijua. Ni kiti cha kushoto, cha msomaji. Wafula ni dereva wa mbio za magari, zile ndogo za vilabu, kwenye barabara za murram, zisizo na lami, huku Kajiado. Mimi nilikuwa nikikaa kando yake na daftari la njia mapajani, nikimsomea kila kona kabla hajaiona. Kulia kali. Kushoto ndefu. Ruka. Ndani ya helmeti aliniita Nekesa. Siku hizi naitwa Mama Imani, hata na yeye.

Nilitoka kwenye kile kiti tumbo lilipoanza kuonekana. Silantoi, mwalimu mwenzangu shuleni, akaingia kunishikia nafasi. Mimi ndiye niliyemleta. Ni msichana wa Isinya, anajua kila njia ya mifugo kutoka kwao mpaka Kajiado mjini, nami nikamfundisha kusoma zile noti za kona jikoni kwangu, kwa chai na mandazi. Tulisema ni kwa muda. Imani sasa anatembea, anapanda viti, juzi alitumbukiza kiatu changu kwenye ndoo ya maji, na hakuna aliyewahi kuutaja tena huo muda.

Na mimi sijauliza. Naona haya kuomba kitu kilicho changu.

Leo basi ndiyo ilikuwa siku ya mikono mipya. Mashindano ya Kajiado ni Jumamosi ijayo, na gari imekuwa ikitupa mkia kila kona. Mikono ninayosema ni vile vyuma virefu vya nyuma vinavyoshika gurudumu lisiende linakotaka. Vya zamani vimechoka, na bushi zake, yaani zile raba za kwenye ncha, zimepasuka kama visigino vyangu msimu huu. Vipya vimetoka Japani, vinene zaidi, vyekundu, ndani ya katoni ambayo wiki nzima imelala chumbani kwetu. Wafula alikuwa akiifungua kila jioni, anavitazama, anaifunga.

Kazi hii naipenda. Baba yangu alikuwa fundi wa trekta za miwa huko nyumbani Bungoma, na nilikua nikimshikia spana. Kwa hivyo asubuhi tulipandisha gari kwenye stendi, magurudumu ya nyuma yakatoka, mimi na Wafula tukaingia chini, kila mtu na upande wake. Kulikuwa na bolti moja iliyoshikwa na kutu. Tuliipaka mafuta, tukaigonga kwa nyundo, tukaitukana kwa Kibukusu. Ilipotoka tulicheka mpaka akajigonga kichwa. Kwa muda ule nilisahau kila kitu.

Silantoi alifika tukiwa tumeshatundika mikono yote mipya, nati zimekazwa kidogo kwa vidole tu. Alikuwa ametuletea maziwa kutoka kwao. Akaketi juu ya ndoo akitutazama. Wafula akachukua spana akitaka kukaza kila kitu palepale, gari ikiwa juu ya stendi.

Nikamkataza.

Hapo ndipo nilipojiponza. Bushi mpya hazikazwi gari ikiwa inaning'inia. Ukizikaza magurudumu yakiwa hewani, gari ikishuka zinabaki zimejipinda, na barabara mbaya ya kwanza inazipasua. Gari inashushwa kwanza, inasimama kwa uzito wake, na watu wanakaa ndani vile watakavyokaa siku ya mashindano. Ndipo unakaza. Yote haya niliyaeleza mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikijiona mjanja.

"Hiyo ni kweli," Wafula akasema. "Silantoi, ingia kwa kiti chako."

Kiti chako.

Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anavyosema funga mlango.

Tukarudisha magurudumu, tukayapandisha juu ya mbao nene za ujenzi ili ibaki nafasi ya mtu kupita chini. Mtu mwenyewe akawa mimi, maana dereva lazima akae kwenye usukani, na Silantoi hajui spana inashikwa upande gani. Nikalala chali juu ya gunia. Gari ikashuka kidogo Wafula alipoingia. Ikashuka tena kidogo alipoingia Silantoi.

"Huyu ni mwepesi," nikamsikia mume wangu. "Gari hata haijaskia. Hii Kajiado tutapaa!"

Wakacheka. Mimi tangu nijifungue niko na mwili, najua, na hakuna aliyenitaja. Lakini nilisikia nikitajwa.

Ili kupitisha wakati, wakaanza kujaribu noti za wiki ijayo. Sauti ya Silantoi ni nzuri, lazima niseme, haina haraka. Kushoto ndefu, kulia kali, nyoosha. Kisha akasema, "Ng'ombe."

Neno hilo ni langu. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda kilima karibu na Kajiado, tukaibuka juu tukakuta kundi zima limejaa barabarani. Nikasahau kila neno la daftari, nikapiga kelele, ng'ombe! Wafula akasimamisha gari pua ikiwa karibu kumgusa fahali. Tangu siku hiyo likawa neno letu. Nikilisema, iwe ni ng'ombe, iwe ni shimo, iwe ni lori, anafunga breki kwanza, maswali baadaye. Nilidhani ni la mimi na yeye tu.

Nilikuwa nimeshika nati ya mwisho, ya upande wa kushoto. Mkono wangu ukasimama.

Sitaandika yote niliyoyafikiria pale. Nitaandika tu kwamba ile nati ilikuwa bado haijakazwa vizuri, na hakuna ambaye angeiangalia tena baada yangu. Nilikaa vile, nikisikiliza sauti zao zikipita kwenye bati la sakafu. Halafu aibu ikanishika mpaka masikio yakawaka. Nikaikaza. Nikairudia, nikairudia tena mpaka spana ikakataa kusogea. Kila nati nikishaikaza huwa naipaka mstari wa rangi ya kucha, ili ikilegea ionekane. Ile niliipaka mistari miwili.

Wakaenda kuijaribu gari upande wa Isinya. Imani alikuwa ameamka na kilio chake, kwa hivyo hakuna aliyeuliza nani anaenda na nani anabaki. Nilisimama naye langoni tukiwapungia mkono. Yeye alipunga kwa furaha.

Walirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Wafula hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi. Mkia umetulia, gari imeshika barabara, kona ya pale mtoni ameingia bila kugusa breki. Haya yote alikuwa akimwambia Silantoi, aliyekuwa ndani ya gari na aliyeyaona mwenyewe. Ndipo Silantoi akaja akanikumbatia na grisi zangu zote.

"Ashe oleng, Ngoto Imani," akasema, yaani asante sana Mama Imani kwa lugha ya kwao. "Wewe ndio ulikaza, kwa hivyo sikuogopa hata kidogo."

Laiti angekuwa mtu mbaya. Ningejua pa kuuweka huu wivu.

Walipoingia kula mimi nilibaki nje kukusanya spana. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi. Nikaingia. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nikavuta ile mikanda inayoshuka kutoka mabegani na kufungwa tumboni, na haikufika. Nikavuta pumzi ndani. Haikufika. Ilikuwa imefupishwa kwa kipimo cha Silantoi, na mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kuifupisha.

Nikailegeza. Mmoja, na mwingine, mpaka kifungo kikalia. Nikakaa nimefungwa ndani ya gari iliyozimwa, nikitazama ukuta wa jirani. Nitasema ukweli, nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia miezi mingi.

Wafula akatokea mlangoni na tonge la ugali mkononi.

"Mama Imani, unatafuta nini huko?"

"Spana," nikasema.

Spana nilikuwa nimeishika. Aliiangalia, akaniangalia mimi na ile mikanda, akatafuna, akarudi ndani.

Sasa Silantoi ameenda kwao, Imani amelala, na Wafula anaoga huku akiimba. Mikanda nimeiacha vile vile nilivyoilegeza. Najua ni jambo la kitoto, na Silantoi hana kosa lolote. Nimetoka na tochi mpaka kwenye gari ili niirudishe ilivyokuwa, nimeushika mkanda, nimeuacha, nimerudi kuandika.

Nani atamshika Imani Jumamosi? Sijui. Kwa nini swali hilo hujibiwa na mimi peke yangu, hilo nalo sijui.

Kesho tukitoka kanisani tutarudi kwa miguu kama kawaida, Wafula amembeba Imani mabegani, anaongea habari za kona na mikono mipya. Tukifika pale njia inapokunja kuja kwetu, nitasema lile neno langu. Ng'ombe. Najua atasimama hata barabara ikiwa tupu.

Halafu nitamwambia ile mikanda isiguswe.