Orodha ya Magoti

Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, baada ya adhuhuri

Dada yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Nakuamkua wewe kwanza, kisha wote mlio chini ya paa hilo. Mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi, na ya moyo utayasoma mbele. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji bado anapata zamu bandarini? Na macho ya Mama yakoje wiki hii? Mtu akisimama mlangoni bado anamtambua, au mpaka aseme?

Ukurasa huu wa kwanza msomee Mama. Mama, shikamoo. Mimi mwanao sijambo. Tuko Jeddah kwa siku chache, tumemtembelea dada yake Bosi, na nyumba yao ni kubwa mpaka siku ya kwanza nilipotea nikitafuta jikoni. Nakula, nasali, nalala. Dawa ya macho usiiruke hata siku moja, na usimdanganye Rukia kwamba umeshatia matone wakati chupa imejaa. Nakujua.

Haya Rukia, Mama ameshatoka? Funga mlango, keti. Kurasa hizi nyingine ni zako peke yako.

Unajua mkataba wangu uliisha tangu kabla ya Ramadhani. Kafili, yaani Bosi mwenyewe aliyenidhamini, ndiye wa kunitolea kuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, na bila hiyo hata ukiwa na tiketi mkononi watakurudisha uwanja wa ndege. Nawe ndiye uliyenipigia ukaniambia daktari amesema presha imeshakula mishipa ya macho, kwamba dawa inachelewesha tu, na mwaka ukiisha huenda Mama asione hata kiganja chake. Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja tu mdomoni, kuruji, kuruji. Nataka Mama anione. Sina haja nyingine.

Bosi si mtu mbaya, nisimsingizie. Hajawahi kuniinulia mkono. Lakini ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni timu ya mpira. Ni timu ndogo ya Riyadh, jezi zake za zambarau, na mimi na Ouma tunaiita Zambarau tu. Ouma ni dereva wa nyumba, Mluo wa Ahero, mtu mpole anayesali peke yake ndani ya gari. Zambarau ikishinda, pale kwetu Al-Naseem, Riyadh, hata paka wa jirani anashiba. Ikifungwa, watu wanakunywa maji kwa adabu.

Na inafungwa, mwenzangu! Tena sijaona watu wa kuumia kama wale. Kipa aliteguka bega mazoezini, hata mechi haijaanza. Beki wa kushoto alichanika msuli wa paja akishangilia goli, na goli lenyewe refa alilikataa. Namba tisa, mgeni waliyemnunua ng'ambo kwa mbwembwe zote, goti lake la kulia ni bovu, anacheza mechi mbili anapumzika nne. Mimi niliyekuwa sijui kona ni nini, sasa nikiona mtu anachechemea kwenye televisheni najua kama ni paja au kifundo. Wallahi kuna siku niliwatukana kwa sauti, sufuria mkononi, mpaka madam, mkewe Bosi, akacheka.

Ouma ndiye aliyeniambia, "Dada Mwanamisi, ukitaka saini ya huyu mzee, omba siku wameshinda. Siku nyingine utaambiwa bukra, bukra, kesho, kesho, mpaka uote mvi." Basi nikangoja. Wiki ya kwanza, wakafungwa. Ya pili, sare. Ya tatu, ya nne, ya tano, ole wangu. Kila wiki wanashuka, na kila wiki wewe unanipigia kunieleza la Mama.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Siku moja ya mechi Bosi alikuwa ameketi na kahawa yake, uso umemshuka, nikamwonea huruma, na tamaa nayo ikanisukuma. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Baba, nimeota. Nimemwona namba tisa anafunga." Sikuwa nimeota kitu, Rukia! Nililala kama gogo. Na unakumbuka Maalim alivyotuonya juu ya mtu anayezua ndoto. Nilijua ni dhambi, nikajiambia ni kadhambi kadogo tu, Mungu anaiona shida yangu.

Namba tisa akafunga mawili. Bosi alikuja mbio mpaka mlango wa jikoni, jambo ambalo hajalifanya tangu niingie nyumba ile, machozi yanamtoka kwa furaha. Nikaona ndiyo saa yangu. "Baba, kuruji yangu." Akacheka. "Kuruji? Wewe? Wewe huendi popote, halas, mpaka ligi iishe." Madam akacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Tangu hapo kila siku ya mechi naulizwa, "Umeota nini?" Nikisema sikuota, ananuna. Nikisema nimeota ushindi, ataka kujua nani kafunga, kwa mguu gani. Sasa nitaota goli la mtu aliye hospitalini? Mwongo lazima awe na kumbukumbu, na yangu unaijua. Nikachana karatasi kwenye daftari bovu la watoto, nikaandika namba za wachezaji na majina yao, na kando ya kila mmoja kinachomuuma, nilivyosikia kwenye televisheni na kwa Ouma. Kipa, bega. Namba nne, mbavu. Namba sita, paja. Namba tisa, goti la kulia. Kwa Kiswahili, ili nisiulizwe. Nikaitia ndani ya foronya ya mto wangu.

Simu yangu nayo ilikwenda hivi. Alhamisi ile uliponieleza kwamba Mama alimimina chai nje ya kikombe ikamwagikia mapajani, nilikuwa jikoni nalia nawe, na huku sebuleni Zambarau wanafungwa mawili. Bosi akaja akaichukua mkononi mwangu. Alisema ina nuksi, nitaipata ligi ikiisha. Ndiyo maana ukipiga hupati mtu. Usidhani nimewatupa, dada'angu.

Nikawaza sana. Kama bahati ndiyo inayonifunga, nikasema, basi na niwe nuksi, anifukuze. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Jumatano tukaja Jeddah kwa gari, safari ya kutwa nzima, Ouma anaendesha, kwa sababu ya mechi moja ya Zambarau. Mimi nililetwa kwa ajili ya ndoto. Tulipofika kituo cha mafuta njiani Bosi akageuka, "Umeota nini?" Nikamwambia, "Baba, nimeota vibaya. Namba tisa ameanguka, ameshika goti." Nilichagua goti kwa sababu goti lile kila mtu analijua! Hata wewe ungelibashiri ukiwa huko kwenu unakuna nazi. Bosi akazima redio. Haikuwashwa tena mpaka tunaingia Jeddah.

Mechi ilichezwa jana alasiri. Bosi alikwenda uwanjani, sisi wanawake tukawa mbele ya televisheni, mimi napitisha tende. Hata robo saa haijafika, namba tisa akaanguka. Hakuguswa na mtu. Akaanguka peke yake, akashika goti la kulia, akapiga kelele mpaka tukaisikia. Tende zikanimwagika. Madam akageuka akanitazama, akanitazama sana. Akaondoka akaenda stoo ninakolala, akarudi na mto wangu, ule niliokuja nao kutoka Riyadh, karatasi imeshatoka.

Bosi aliporudi alimwita Ouma asome. Nilisimama mlangoni.

"Soma," akamwambia.

Ouma akanitazama, maskini, jasho linamtoka. Akafasiri kwa Kiarabu, "Namba nne, mbavu. Namba sita, paja." Akafika tisa akataka kuikunja karatasi.

"Soma!"

"Namba tisa. Goti la kulia."

"Ameandika lini?"

Madam akasema, "Nimeitoa kwenye mto wake mpira ukiwa bado unachezwa."

"Baba, ni majeruhi!" nikapaza sauti. "Ni orodha ya watu walioumia, nimesikia kwenye televisheni!" Ouma naye akanisaidia, akasema mambo haya yanajulikana Riyadh nzima. Bosi akasema, "Kila mtu anajua. Mbona ni yeye peke yake aliyeandika na kulalia?"

Nikaona bora ukweli. Nikapiga magoti nikaungama yote, kwamba sikuota, si mara ya kwanza wala ya mwisho, nilizua ili nipewe ruhusa nikamwone mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, "Ulisema uongo, na uongo ukatokea mara mbili?" Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa kanzu. Angepiga kelele ningepumua. Hakupiga.

Tangu jana sipiki. Watoto wamekatazwa kupokea kitu mkononi mwangu, na sahani yangu imetengwa na nyingine. Mtumishi wa nyumba hii ni Kemunto, Mkisii, Msabato, mtu wa Mungu hasa. Ndiye aliyemsikia madam kwenye simu akitaja sihri. Ni uchawi, Rukia. Na huku uchawi hauishii kwenye masengenyo ya majirani. Huku ni kesi.

Kesho tunarudi Riyadh. Bosi amesema kuna mtu atakuja nyumbani kuniuliza maswali. Ni nani, hakusema.

Kemunto anasema nitoroke leo, ana watu wake mtaa wa Karantina, hapa hapa Jeddah, Wakenya wamejaa kule, nitafichwa. Nimelifikiria tangu alfajiri. Lakini nikitoroka Bosi ataandikisha kwamba nimekimbia, na anayekimbia amekiri. Halafu Mama nitamfikia lini? Nimeamua nirudi nao, nijibu nitakachoulizwa.

Ninaogopa, dada. Sitakuficha. Na kinachonitia hofu zaidi ya huyo mtu wa maswali ni kwamba Zambarau wana mechi tatu bado. Kila atakayeumia sasa ameumia kwa mkono wangu. Na wataumia, Rukia. Nawajua wale. Zamani nilikuwa nawaombea washinde. Leo nimesali nikawaombea misuli, magoti na vifundo, mmoja mmoja kwa jina, hata yule kipa mzembe nisiyempenda.

Sasa sikiliza. Kemunto anasafiri leo jioni, mkataba wake umeisha na kafili wake amemtolea kuruji bila neno. Barua hii ataishonea kwenye pindo la buibui aliyomnunulia jirani yake, na akifika Nairobi ataituma kwa basi. Atakupigia pia, akutajie jina la timu na la Bosi kwa mdomo. Sitaki kuyaandika hapa, barua isije ikashikwa. Nakala ya mkataba wangu iko ndani ya sanduku la bati, chini ya leso zangu za harusi. Ichukue, uende kwa wakala wetu Mombasa, yule aliyenileta huku, wewe na Shemeji pamoja, usiende peke yako wakakuzungusha. Akisema kesho, keti papo hapo. Mwambieni apeleke habari ubalozini, na mseme wazi kwamba ile karatasi ni orodha ya majeruhi. Shemeji anajua mpira. Aingie kwenye simu atafute habari za kila mchezaji, waliumia lini na wapi, azichapishe zote, ili ionekane waliumia kabla sijaandika. Hasa namba tisa. Hilo goti lina historia ndefu, ataipata.

Zisipite siku saba bila kufanya hayo. Nisipopatikana kwa simu ya Ouma, ambayo Kemunto atakupa namba yake, usingoje hata hizo saba.

Nisalimie Shemeji na umwambie nimemtwika mzigo, anisamehe. Nisalimie Mjomba Hamisi, na umwombe anisomee Yasini bila kuuliza sababu. Shangazi Mwanakombo, najua atataka kujua yote, mpe salamu tu. Watoto wako wabusu mmoja mmoja.

Kuhusu Mama. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniambia hataki zawadi wala kanga, anataka tu kuona kama Uarabuni kumeninenepesha, maana nilitoka kwake mwembamba na lilimkaa rohoni. Rukia, gauni nililokuja nalo sasa nalifunga kwa pini pande mbili. Mwambie nimenenepa. Mwambie mashavu yamejaa, hata pete haipiti kidoleni. Mwambie bila wasiwasi, kwa sababu siku nitakayofika, kama nitafika, hatakuwa na macho ya kujua kwamba tulimdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanamisi