Mwanangu Ofisi Yake ni Begi

Binti yangu amerudi nyumbani na ofisi yake nzima imo ndani ya begi!

Samahani mpendwa mshauri, furaha imetangulia salamu. Hujambo? Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba, lakini tumbo hili limezaa mtu: kitinda mimba wangu huchora nembo na matangazo kwa kompyuta, wateja wake wako nchi tatu, na hakuna bosi wa kumpangia meza. Miaka miwili amehama mji hadi mji, wiki hapa wiki kule, mpaka akakonda, na intaneti mbovu ya nyumba za wageni ikamkosesha mteja mkubwa, ndipo akanipigia, "Mama, nimechoka. Nataka nyumbani pawe kituo changu, niwe nasafiri na kurudi." Nilipiga vigelegele mpaka mteja niliyekuwa nampima kiuno akadhani nimejichoma sindano.

Amekaa siku tisa tu, jana akafunga begi. Kisa, mimi kumpenda. Nilimpa chumba cha mbele, kinachopakana ukuta na cherehani yangu, na kila aliyekuja kushona nilimwingiza amwone, maana mtoto akishinda nyumbani watu husema hana kazi, nami sikubali. Juzi yuko kikaoni kwenye kompyuta, nikaingia na dada yangu na kina mama wanne wa kikundi chetu cha mtaani, tukajipanga nyuma yake, nikawaambia wateja wake waliokuwa kwenye skrini, "Huyu nimemzaa mimi, mwongezeeni kazi!" Akazima kamera. "Mama, hapa si kituo, ni maonyesho."

Naogopa safari hii akienda hatarudi. Kwa hiyo nimeficha chaja yake kwenye kapu la vitambaa. Anaitafuta, akiipata tu anaondoka. Barua hii nimeileta redioni kwa mkono. Naomba msaada, nimekosea?

Mama Mchoraji


Mama Mchoraji, hongera ya uzazi. Sasa simama wima, leo napima mimi.

Umekosea, tena kwa mita. Kumfichia chaja mtu wa kompyuta ni sawa na wewe ufichiwe sindano wakati wa kushona sare za shule, halafu mwizi aseme anakupenda. Irudishe kabla kipindi hakijaisha, na useme ni wewe. Usimsingizie paka.

Nakuelewa, midomo ya majirani inauma. Lakini kazi ya mtu haihitaji mashahidi wa kusimama mgongoni. Binti yako alikuja kutafuta mlango unaofungika na mtu wa kumuuliza kama amekula. Kuuliza unauliza, tena kupita kiasi. Mlango ndio umeugeuza njia ya kila mpita.

Mpe chumba cha nyuma, mbali na mlio wa cherehani. Saa za vikao aziandike, uzibandike mlangoni, uziheshimu kuliko unavyoheshimu ile "njoo kesho" unayowaambia wateja. Kaeni mpatane miezi ya kwako na miezi ya njiani, na zamu ya njiani ikifika, mkunjie nguo wewe mwenyewe, bila kulia mlangoni. Anayeagwa vizuri hurudi.

Kujivuna sikukatazi, najua utapasuka. Mwombe ruhusa kwanza. Akikubali, kompyuta ikiwa imezimwa, dada, kikundi na wateja wote waje: Jumapili, saa kumi alasiri, si siku nyingine.