Koala wa Kitandani, Mdiria wa Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Nimelala tena. Ubavu wa kushoto, mto chini ya miguu, dirisha wazi. Mimba ya miezi sita. Mbili zilizotangulia hazikufika hapa. Daktari amesema kitandani mpaka aniruhusu mwenyewe.
Mdiria yupo. Ndege mdogo, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, anachimba tundu kwenye ukingo wa kijito nyuma ya nyumba. Namwonea wivu.

Jumanne, 4 Juni
Zuwena, wifi yangu tunayekaa naye hapa Bububu, ametuma picha kwenye kundi la familia. Mnyama wa kijivu, masikio manene, kakumbatia mti, usingizi mzito. Koala, wa Australia. Chini yake kaandika jina langu. Wote wamecheka. Hata Makame, mume wangu, kaweka kikatuni cha kucheka. Nimeudhika.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi nzima nimemsoma koala. Si dubu, ingawa watu humwita hivyo. Chakula chake majani ya mkaratusi, yenye sumu na lishe haba, ndiyo maana hulala sana. Amelala, lakini mwili uko kazini. Mtoto humlea kwenye mfuko wa tumbo, kisha mgongoni. Mdiria yeye hatulii. Hudaka samaki, humpigiza kwenye tawi, humeza. Na tundu hachimbi peke yake: dume na jike hupokezana. Hilo Zuwena hakulituma.
Basi mimi koala. Sawa. Nalala kwa makusudi.

Ijumaa, 7 Juni
Kesho wanakuja shangazi zake Makame kutoka Makunduchi. Zuwena kasimama mlangoni. "Wali wa nazi wa watu wote hao, nipike peke yangu? Mimba si maradhi." Nimemwambia siinuki. Nimerudia. Kaondoka anagongagonga masufuria. Nimelia kwa hasira.
Makame karudi kutoka msikitini, naye yale yale: nikae jikoni japo kidogo, aibu kwa wageni. Nimemwonyesha dirishani. Mdiria mmoja anatoka tunduni, mwenzake anaingia. Nikamuuliza, "Yule dume anachimba. Wewe uko wapi?"

Jumamosi, 8 Juni
Mbuzi ya nazi inakwaruza uani tangu asubuhi. Nikadhani Zuwena. Nimechungulia: Makame, kaikalia mbuzi, magoti yamemfika kidevuni, anakuna mbele ya shangazi zake wote. Mmoja kamuuliza mkewe yuko wapi.
"Kalala, shangazi. Ndiyo kazi yake sasa. Nazi nnakuna mimi."
Kisha nikasikia Zuwena anachuja tui. Sikutoka kuomba radhi, wala sitatoka.

Jumapili, 9 Juni
Wali wa jana ulikuwa na machicha. Niliumaliza.
Leo hakuna anayechimba. Mdiria mmoja kaingia tunduni tangu alfajiri, hajatoka. Nadhani kalalia mayai. Mwenzake kampelekea samaki.
Mtoto kapiga teke. Nimejigeuza kidogo, nikarudi ubavu wa kushoto.