Tromboni Hukuitubia, Baba

Kwako Baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nimeona nikuambie mapema usije ukadhani hii ni barua ya majonzi. Zakaria alinipigia simu jana akanisomea maneno yatakayochongwa kwenye jiwe la kaburi lako. Jina lako, na chini yake: "Aliokolewa kutoka muziki wa dunia." Yeye ameyaandika na Mchungaji ameyabariki. Mimi nilitakiwa kusema amina tu.

Sikusema. Nilimwambia kaka yangu nitampigia baadaye, nikakata simu, nikaketi jikoni hapa Acocks Green, Birmingham.

Kuokolewa kutoka nini? Mimi nilikuwa mle ndani. Nyumba yetu ya Kaloleni, Nairobi, ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule, na kila Alhamisi jioni sebule ilikuwa mali ya bendi yako. Viti vilitolewa nje, Mama akachemsha chai sufuria kubwa, wanaume wakasimama wamebanana ukutani bila chombo chochote mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Hakuna aliyeruhusiwa kushika gitaa wala saksafoni kabla hajaimba sehemu yake kwa mdomo, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wenzake. Wengi hawakujua kusoma noti, nawe hukuwadharau kwa hilo. "Imba kwanza," ulikuwa ukiwaambia. "Vidole tutavifundisha baadaye." Nilijifunza nyimbo zenu zote nikiwa kitandani nyuma ya pazia, na sikuwahi kusikia tusi humo wala kuona chupa. Wewe mwenyewe ulikunywa chai. Ulisema pombe inalegeza midomo, na tromboni haitaki midomo iliyolegea.

Tromboni yenyewe ulipewa jeshini, enzi za mkoloni, kwa sababu ya mikono yako mirefu. Ulipenda kutusimulia hilo huku ukicheka. Wenye mikono mifupi walipewa ngoma na baragumu, wewe ukakabidhiwa lile bomba la kuvuta na kusukuma ambalo kwenu Maragoli hakuna aliyewahi kuliona. Mchana mlipiga nyimbo za gwaride. Jioni mlisikiliza santuri za jazi za Wamarekani weusi, ukagundua kwamba chombo kilekile cha gwaride kinaweza kucheka, kunung'unika na kumtania mtu. Ulipotoka jeshini ukaanzisha bendi, wakati ambapo wapigaji jazi wa Nairobi walikuwa wa kuhesabika. Vijana uliowafundisha wakaenda kuanzisha bendi zao, na hao nao wakafundisha wengine. Watu wengi wamecheza kwenye harusi zao kwa midundo uliyoitunga ukiwa umesimama katika sebule isiyo na viti, na hawajui jina lako. Hiyo ndiyo dunia wanayosema uliokolewa kutoka kwayo.

Mama alipofariki nikakuleta huku Birmingham, ukaja umeikumbatia tromboni ndani ya ndege kama mtoto mgonjwa. Unakumbuka siku ulipotaka twende duka la vifaa pale karibu na stesheni? Ulinunua vile vikombe vya mpira vya kuzibulia choo, viwili, na yule msichana wa kaunta akatuuliza kwa huruma kama nyumba nzima imeziba. Kimoja kilikuwa cha choo. Cha pili ulikitoa mpini wake, ukawa unakifunika na kukifunua kwenye mdomo wa tromboni, sauti ikatoka kama ya mtu anayelalamikia mshahara. Ulituonya kwamba ole wetu tukivichanganya. Nilicheka mpaka nikachelewa zamu yangu ya hospitali kule Edgbaston.

Kisha ukaokoka. Hili naliandika wazi maana Zakaria anadhani nalikataa. Uliokoka kweli, kwa hiari yako, katika kanisa la Wakenya wenzetu linalokodi ukumbi wa shule huko Shard End, na ulilipenda. Lakini unaijua desturi yetu. Aliyeokoka husimama akatoa ushuhuda, na ushuhuda lazima uwe na shimo alilotolewa. Shimo likiwa refu, makofi yanakuwa mengi. Mlevi wa zamani ana ushuhuda mtamu. Wewe walikutafutia shimo, wakakosa, wakaiona tromboni.

Siku hiyo Mchungaji alikushika bega akasema kwenye maikrofoni, "Mzee wetu alikuwa na band huko Nairobi. Na si mnajua mambo ya band. Mzee, tell the people, Mungu alikutoa wapi?"

Uliichukua ile maikrofoni, ukakohoa kidogo. "Nilipiga tromboni miaka mingi," ukasema. "Nilipiga vizuri. Namshukuru Mungu alinipa pumzi." Ukamrudishia, ukaketi. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Nilipiga mimi, peke yangu, mpaka mama mmoja akageuka kuniangalia.

Ndani ya gari Zakaria alikulaumu. "Si ungemalizia tu, Baba? Ungesema uliacha."

"Sijaacha," ukamjibu, na kesho yake baada ya chai ukapiga.

Ndiyo maana damu inanichemka. Kwenye mazishi walisoma historia ya maisha yako iliyopitia mikononi mwa kamati, na bendi yote ikawa sentensi moja: ulipotelea kwenye muziki, ukatubu, ukaacha. Hukupotea, hukutubu, hukuacha. Uongo mara tatu kwa pumzi moja, tena kanisani. Nilivumilia kwa sababu watu hawagombani mbele ya jeneza, na karatasi ya mazishi mwisho wake ni kwenye droo. Jiwe litabaki. Wajukuu wako waliozaliwa huku, tunaowasemesha Kiswahili wakatujibu kwa Kiingereza, siku moja watawaleta watoto wao hapo kukuona. Watakuta babu aliyeona aibu kwa kazi ya maisha yake.

Jana jioni nilimpigia Zakaria.

"Baba hakuitubia tromboni," nikamwambia. "Ulikuwepo. Ulisikia."

"Rhoda, hiyo ni testimony. Itabariki watu."

"Watu gani? Ni kaburi la baba yetu."

Sauti aliyonijibu nayo haikuwa ile ya kanisani. "Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalala. Mimi kila Saturday nilikuwa nakaa kwa mlango nikimngoja. Sunday amelala, Monday ameenda job. Siku ya mtihani wangu wa mwisho wa primary alikuwa Kisumu na band. Mimi nilikuwa nataka baba. Sikuwa nataka bandleader."

Hilo sikulijua, Baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mwingine kabisa. Kisha nikamwambia, "Hayo ni kweli, na una haki nayo. Ukitaka kuchonga kwamba alikosekana nyumbani, chonga, nami sitakupinga. Lakini hasira ni yako, Zakaria. Usimsingizie Mungu."

Alilia. Kaka yangu mwenye mvi, mzee wa kanisa, alilia kwenye simu, nami nikalia naye, kila mtu nyumbani kwake. Mwishowe akasema, "Basi andika wewe. Mimi siwezi."

Hapo sikutetei. Ulikuwa na pumzi ya kutosha kwa bendi nzima na hukumbakishia mtoto wako wa kwanza. Nimekukasirikia kwa hilo pia, na kwa kuwa hukai tena kwenye kiti chako ili nikuulize. Lakini kosa ulilomfanyia mwanao ni lako na yeye, na tromboni haina hatia.

Leo asubuhi nimekwenda kwa fundi wa mawe. Nimempa jina lako, na chini yake: "Mpiga tromboni na kiongozi wa bendi." Ni Mwingereza mpole, aliniomba nimwandikie kila herufi vizuri, kisha akaniuliza kama nataka achonge msalaba au achonge chombo chenyewe, maana familia nyingi huchagua kimoja. Nikamwambia vyote viwili. Akapima jiwe kwa mkono, akasema tusipoyaondoa yale maua ya pembeni ambayo kaka yangu aliyaagiza, nafasi haitoshi.

Nikamwambia aondoe maua.

Lala salama, Baba, na Mama asisikie nilivyopandisha sauti.

Mimi bintiyo wa mwisho,
Rhoda