Rula Yako Juu ya Kioo cha Kompyuta

Mwalimu wangu Bi Zuhura,

Nimeolewa! Nilitaka kuanza na habari za ofisi, maana najua ungeuliza hizo kwanza, lakini mkono umekataa. Hii ni wiki ya tano. Ni Mwakio, yule mrefu aliyekuja kupigisha chapa barua ileile ya kuomba kazi mara nne, kila mara ameleta kosa jipya, mpaka ukaniambia mbele yake, "Mkamburi, kubali posa ya huyu kijana, karatasi zangu zinaisha." Kazi aliipata, katika ofisi ya hoteli moja ya watalii. Tumepanga vyumba viwili nyuma ya stesheni, hapahapa Voi. Asubuhi ananichemshia chai mwenyewe, kisha anakaa kunitazama nikinywa, hadi yake inapoa. Nikienda kazini nacheka peke yangu njiani.

Siku ya harusi, kwetu Mwanda, nilikutengea kiti cha mbele na kukitandika ile leso uliyonipa. Hakuna aliyekikalia.

Sasa ofisi. Mashine zako mbili za chapa bado zipo, nazifunika kila jioni ulivyotaka. Ila kazi nyingi sasa ni za kompyuta, ile uliyoinunua mwaka mmoja kabla hujatuacha. Mwezi uliopita alikuja Mama Wakesho, mwenye gesti karibu na stendi. Alitaka ukurasa wa intaneti, wageni wa mbugani wamjue kabla hawajatoka kwao. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza ya aina hiyo. Aliniambia wazi kwamba nikishindwa atawapelekea watu wa Mombasa, na nilijua akienda yeye, wafanyabiashara wote wa stendi watamfuata.

Nikafanya ulivyonifundisha. Nilitoa rula yako ya mbao kwenye droo nikaiweka juu ya kioo cha kompyuta. Usicheke. Inchi moja na nusu kushoto, inchi moja kulia, kama karatasi. Nikaufunga ukurasa wote kwa upana mmoja usiobadilika, nukta mia saba na themanini za skrini, pambizo zikiwemo. Ulipendeza! Nambari ya simu niliiweka juu kulia, imenyooka na ukingo wa maandishi. Mama Wakesho akaomba nimchapie kwenye karatasi, akaizungusha stendi nzima.

Kisha akaenda Mombasa, akaufungua kwa mpwa wake. Simu ikalia.

"We Mkamburi, mbona nambari yangu umeikata mkia? Mgeni apige nusu?"

Kompyuta ya mpwa wake ni ya zamani, skrini yake nyembamba kuliko yetu. Upande wa kulia wote ulibaki nje, na ili kuuona ilibidi kuuvuta ukurasa kando, kama watu wawili wanaovutana shuka fupi. Akanipa hadi Ijumaa.

Nililia kidogo, sikufichi. Mwakio akanifuta machozi kwa tai yake, mpenzi wangu, akasema niondoe nambari za nukta niweke asilimia, ukurasa ujinyooshe wenyewe kwa upana wa skrini yoyote. Nikaandika asilimia mia. Kwetu ulikaa vizuri. Lakini nilipokwenda kuutazama hotelini kwa Mwakio, ambako meneja ana skrini kubwa, mistari ilikwenda kama reli ya Taveta, haioni stesheni. Nikifika mwisho wa mstari narudi kwenye uleule niliokwisha kuusoma.

Hapo nikakusikia. "Pambizo si urembo, mwanangu. Jicho likienda mbali halijui njia ya kurudi." Miaka yote nilidhani ni sheria ya karatasi. Kumbe ulikuwa unamhurumia msomaji.

Nikakumbuka pia macho yako, mwaka ule sukari ilipoyashika. Ulikuwa unakaa mbele ya kompyuta ukisoma zile kurasa za mafunzo zilizokuja na mashine. "Kuza herufi. Kuza tena. Usinionee haya, kuza." Nami nakuza, na maneno yanatoka nje ya skrini, kwa sababu aliyezitengeneza alipima kwa macho yake mwenyewe. Mwishowe ukasukuma kiti nyuma. "Basi, nisomee wewe." Wewe, uliyenifundisha mimi. Neno hilo halijanitoka.

Alhamisi nikaanza upya. Niliweka asilimia themanini, na ishirini iliyobaki nikaigawa pande mbili iwe pambizo. Nambari ya simu nikaihamishia kushoto, mahali ambapo hakuna skrini inayoweza kuikata. Kisha nikazikuza herufi mpaka mwisho. Maneno yakashuka chini mstari kwa mstari kwa adabu, hata moja halikutoka nje. Nikausoma wote kwa sauti.

Sikudanganyi, kwenye skrini ya meneja mistari bado ni mirefu kuliko ambavyo ungeruhusu. Nimeiacha hivyo. Sikuweza kumpendeza kila mtu, na kati ya mwenye skrini kubwa anayechoka kidogo na mwenye skrini ndogo asiyeona kabisa, nimemchagua huyu wa pili.

Ijumaa Mama Wakesho alipiga kutoka Mombasa. "Nambari naiona yote," akasema. "Tena miwani nimeisahau Voi." Jumatatu alimleta jirani yake mwenye studio ya picha, naye anataka wake.

Mwakio amefika kunichukua, ameinama mlangoni ili asigonge kichwa, kama ulivyokuwa ukimwonya. Anakusalimu. Ameniuliza kwa nini rula iko mezani, nikamwambia inapumzika.

Mungu akulaze pema, Mwalimu wangu. Nakuahidi jambo moja: hakuna ukurasa utakaotoka katika ofisi yako kabla sijazikuza herufi mpaka mwisho, nikahakikisha kwamba ungeusoma mwenyewe, bila kuniita.

Mwanafunzi wako,
Mkamburi, mke wa Mwakio